Jinsi Nyumba ya Bi Sikudhani Ilivyopata Uso

Hapo juzijuzi, si zamani wala si kale, paliondokea nchi moja ambayo ndiyo yetu. Jina lake silitaji. Lilishushwa kwenye lango la mpakani likapelekwa kupakwa rangi ya dhahabu, na mpaka leo halijarudi. Raia mwema haiti nchi yake kwa jina ambalo rangi yake bado mbichi.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Sura ya mtaa wetu. Cheo hiki nilipewa kwa sababu ukuta wangu wa barabarani ni mrefu na kwa sababu siulizi maswali. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu anayeipenda serikali yake. Wapo watakaosema nina kejeli. Sina, nina kitambulisho.

Wizara ya Sura ilizaliwa siku ile Mheshimiwa Rais alipopita barabara kuu kwenda kufungua daraja. Gari lake lilikwenda mbio, kama yaendavyo magari ya watu wenye shughuli, na alichokiona dirishani ni mbele za nyumba tu. Akauliza, "Hivi nyumba zetu zina kitu kingine zaidi ya hiki?" Wasaidizi wakatazamana. Mmoja wao, ambaye ndiye Waziri wa Sura hadi leo, akajibu kwamba hazina. Ikawa sheria.

Waziri alitueleza sheria hiyo uwanjani, juani, naye akiwa kivulini ili sauti yake isichujuke. "Ndugu wananchi," alisema, "nchi ni uso. Nani hapa amewahi kupigwa picha ya kitambulisho akiwa ametoa kisogo?" Tulifikiri sana, hatukumpata mtu. Tukapiga makofi.

Tangu siku hiyo ukarabati wowote usioonekana kutoka barabarani ukaitwa ubadhirifu, na msumari uliopigiliwa mahali ambapo barabara haiuoni ukahesabiwa umeibwa. Ile methali ya nyumba njema si mlango ikafutwa kwenye vitabu vya shule. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekwisha kuwafundisha watoto akaagizwa kwenda kuuomba radhi mlango wa ofisi ya wilaya. Nilikuwepo. Aliuomba vizuri, mpaka mabawabu wakafuta machozi.

Na mtu kuzunguka nyumba ya mwenzake hadi uani lilikuwa kosa. Hapa sitaki serikali ipewe sifa isiyo yake. Tangu mababu, mgeni wetu hupokelewa barazani, na anayejipitisha uani bila kuitwa huonekana hana adabu. Serikali haikuibuni heshima hiyo, iliiongezea pingu tu.

Basi jirani yangu Bi Sikudhani alikuwa na nyumba yenye paa la pande mbili, upande mmoja unatazama barabara na mwingine unatazama uani. Ule wa barabarani ulikuwa mzima. Ule wa uani ulikuwa na tundu, na chini ya tundu kilikuwa chumba cha kulala, na chumbani alilala mumewe, Mzee Shomvi. Mzee huyu alipuliza tarumbeta katika Bendi ya Taifa maisha yake yote. Kila bomba la maji lililofunguliwa nchini alilipulizia, na yale ambayo hayakutoa maji aliyapulizia kwa muda mrefu zaidi, ili watu wasisikie ukimya. Alipostaafu, Bendi ilibaki na tarumbeta, naye akabaki na kifua.

Daktari alimwinamia, akasikiliza, akasema maneno machache. "Huyu asilale penye unyevu. Masika ikimkuta chini ya hilo tone, mama, mimi sina dawa."

Bi Sikudhani akaenda ofisi ya wilaya kuomba kibali cha kuziba tundu. Kijana wa dirishani akamuuliza kama tundu linaonekana barabarani. Akasema halionekani.

"Basi halipo," kijana akasema kwa upole.

"Maji yake yapo, mwanangu."

"Maji ni Wizara nyingine."

Alirudi nyumbani. Mimi nilikuwa barazani kwangu nikamwona anavyotembea, nikajua kashika jambo. Mwanamke huyu akitembea hivyo, huwa hashauriki. Jioni akaja kuniambia kwamba kama hawezi kuliziba paa lake, atauza nyumba anunue nyingine ndogo ambayo paa lake halihitaji kibali. "Masika haijafika," alisema. "Nikiwahi, mzee wangu atalala pakavu." Nikamwambia ni wazo la kizalendo, ila nyumba haiuzwi bila Cheti cha Sura. Akauliza cheti hicho hutolewa na nani, nikajisikia fahari kumjibu.

Afisa Sura wa Wilaya, Bwana Fumbwe Mtagwa, alifika asubuhi akiwa na kofia, fimbo, na fremu tupu ya picha. Hakuikaribia nyumba. Alivuka barabara, akapanda juu ya jiwe la serikali lililowekwa kwa kazi hiyo, akainua fremu mbele ya jicho moja na kufumba la pili. Alikaa hivyo kitambo. Kuku wawili wakapita ndani ya fremu, akangoja watoke.

"Mama," akaita kutoka ng'ambo, "nyumba yako ina masikitiko."

"Ina tundu, bwana."

"Mlango mmoja tu. Mnunuzi akipita hapa na gari atasema, hawa watu wana mahali pamoja tu pa kuingilia. Weka wa pili. Weka na nguzo nne. Madirisha yako yamekonda, yaongeze yawe sita. Halafu uzio wa mabati, upakwe rangi, uchorwe maua."

Bi Sikudhani akauliza vitu vyote hivyo atavitoa wapi. Afisa akashusha fremu akamtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma.

"Kwani nyuma hakuna nyumba?" akauliza.

Naomba nieleweke. Bwana Fumbwe hakusema neno lolote baya. Alieleza tu, kama Wizara ielezavyo, kwamba mbao zilizo uani ni mbao zilizokosa bahati, na kwamba bati la nyuma linaishi maisha yake yote bila kuonwa na mtu. Kuzileta mbele ni kuzitendea haki. Kizuri chajiuza, akasema, na akateremka jiweni.

Kazi ikaanza. Mlango wa jikoni ulizungushwa ukawa mlango wa pili wa mbele. Haukufunguka, maana nyuma yake palikuwa ukuta, lakini ulipendeza. Madirisha ya chumba cha kulala yakang'olewa yakaja kusimama safu moja na wenzao, mengine yakitazamana na matofali. Mbao za dari zikapigiliwa kwa umbo la nguzo, zikapakwa rangi mpaka zikafanana na marumaru kwa mtu anayeziona akiwa mbali na ana haraka. Kila jambo Bi Sikudhani alilifanya kwa meno yaliyoumana, akihesabu mawingu. Alinena mara moja tu, alipokuwa akiubeba mlango wa jikoni: "Katibu, nikishauza, sitapita tena mtaa huu hata kwa mazishi yako." Nilimshukuru kwa kunifikiria.

Ikabaki uzio. Mabati hayakuwapo popote isipokuwa juu ya kitanda cha Mzee Shomvi.

Nilimkuta mzee siku yaliposhushwa, amelala chali akitazama mbingu inavyojitokeza kipande kwa kipande. Tundu lake la zamani liliondoka pamoja na bati lake, akalipungia mkono. "Lile nilikuwa nimelizoea," aliniambia. "Nilijua linapodondokea." Kisha akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa kirefu kuliko wimbo wa taifa.

Mkewe alitaka kumhamishia sebuleni, mbele, ambako paa lilikuwa zima. Bwana Fumbwe akakataa kwa heshima zote. Sebule inaonekana dirishani, akasema, na mgonjwa si samani. Sebuleni pakawekwa kiti kimoja chekundu na chungu cha maua, na pakafungwa. Kuhusu kikohozi, Afisa alishauri kwamba mzee akikohoa aelekee uani.

"Na mvua ikinyesha kabla sijauza?" Bi Sikudhani akauliza.

"Mama, una nyumba nzuri kuliko zote wilayani. Mambo ya mvua yaache."

Bi Sikudhani akafungia mwavuli uliokunjuliwa kwenye kichwa cha kitanda, na turubai juu ya miguu. Mzee akawa mkavu sehemu za mwanzo na za mwisho.

Cheti kilitolewa kwa sherehe. Alikuja Waziri mwenyewe, likaja zulia, ukaja na upepo wenye harufu ya mvua ambao haukualikwa. Waziri alihutubia akiitazama nyumba kwa mbali, akatokwa na machozi, akayaacha yateremke ili wapiga picha wayapate. "Ndugu zangu," alisema, "nyumba hii imejitoa. Imetoa kila kilichokuwa nyuma yake kwa ajili ya kilicho mbele yake. Nani kati yetu anaweza kusema hivyo?" Wazee waliokuwa safu ya nyuma wangeweza, ila hawakuwa na kipaza sauti.

Kisha likatolewa wazo, sikumbuki na nani, huenda na mimi, kwamba mwenye nyumba ni mpiga tarumbeta. Mzee Shomvi akaletwa amevikwa koti la Bendi lililompwaya kuliko zamani. Akashika tarumbeta iliyoazimwa Bendi kwa mikono miwili. Akatoa sauti ya kwanza, nzuri, ndefu, mpaka watoto wakaacha kula. Akatoa ya pili. Ya tatu haikutoka. Kilichotoka ni kikohozi, kikapitia kwenye tarumbeta chote, kikamwinamisha hadi magoti yakagusa zulia. Waziri alikuwa wa kwanza kupiga makofi, akasema vijana wa sasa hawatungi namna hii.

Bi Sikudhani alimbeba mumewe kama mtu abebavyo nguo zilizoanikwa pindi mvua ikianza. Nilimwona uso. Sipendi kuandika nilichokiona, lakini nitaandika kwamba niliacha kupiga makofi kabla ya wenzangu.

Mnunuzi hakuchelewa. Alikuwa Bwana Fumbwe mwenyewe. Alikuja bila fremu, akavua kofia, akasema tangu aipe nyumba hii cheti hapati usingizi, ameipenda, na kwamba hakuna haja ya kutafutana kwa madalali. "Tubadilishane, mama. Nyumba kwa nyumba. Yangu iko Mtaa wa Waheshimiwa."

"Paa lake linavuja?"

Afisa akacheka. "Paa la afisa livuje!"

Bi Sikudhani akasema ataiona kwanza. Nikafuatana nao kama shahidi wa Kamati. Kwa kweli ilikuwa nyumba ya kutuliza macho: nguzo nane, milango mitatu, simba wawili wa saruji wakitabasamu. Bwana Fumbwe akampandisha Bi Sikudhani juu ya jiwe la serikali la mtaa ule, akamwazima fremu aliyoichukua mlangoni, akasimama kando kungoja sifa. Mvua ya kwanza ya masika ikaanza kudondoka, matone manene, machache.

Bi Sikudhani alitazama kidogo. Akanikabidhi mimi ile fremu.

"Nakwenda kuona atakapolala mume wangu," akasema, akavuka barabara, akazunguka kona ya nyumba kuelekea uani.

Bwana Fumbwe alitoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwenye cheo. Mimi nilitimiza wajibu wangu, nikamkimbilia yule mama kumzuia, nikiwa nimejiziba macho kwa fremu. Ila fremu ni kitu chenye uwazi katikati.

Nyuma ya nyumba hapakuwa na nyumba. Palikuwa na miti mirefu iliyoegemezwa kuuzuia ule ukuta usianguke, na nyasi, na vigingi vilivyoonyesha vyumba vilipokuwa zamani. Watoto wawili walikuwa chini ya meza, wamekaa kwa mazoea. Mke wa Afisa, Bi Mafunda, ambaye huwa tunamwona dirishani siku za sikukuu akipunga mkono, alikuwa amechuchumaa penye jiko la mkaa. Mkono mmoja ulikoroga uji, wa pili ulishika mwavuli juu ya sufuria. Yeye mwenyewe alikuwa analowa.

Alipomwona mgeni hakushtuka wala hakukasirika. "Karibu, dada," akasema. "Niwie radhi, sina pa kukukalisha."

"Mnaishi hapa?"

"Tangu baba watoto apewe cheo. Mwenye kutoa vyeti ilibidi awe na uso mkubwa kuliko watu." Akakoroga kidogo. "Wewe ndiye tunayebadilishana naye? Aliniambia kwako nyuma bado mna mabati."

"Mabati ya nyuma alinishushisha yeye mwenyewe. Yako mbele, yana maua."

Bi Mafunda akaacha kukoroga. Wale wanawake wawili wakatazamana, kisha wakaanza kucheka, kicheko kile cha msibani ambacho watu hucheka wakishachoka kulia. Mdogo wa chini ya meza akakohoa. Kicheko kikaisha hapo.

Bi Sikudhani aliondoka bila kumuaga Afisa. Njia nzima nilimsihi. Nilimkumbusha sheria, cheti, machozi ya Waziri. Alipofika kwake hakuingia ndani. Alichukua nyundo, akaanza na uzio.

Naomba wenye mamlaka wanaosoma haya wajue kwamba nilipinga kwa maneno. Niliishika ngazi, ni kweli, lakini niliishika kama kielelezo, isije ikapotea kabla polisi hawajafika, na haikuwa kosa langu kwamba yeye alikuwa juu yake. Nilimpa misumari ili isitapakae. Akapandisha mabati yote, na maua yake, akayapigilia juu ya chumba cha Mzee Shomvi, ukingo wa moja juu ya wa lenzake. Nguzo za marumaru zikarudi kuwa dari. Madirisha yakarudi kunakohitajika upepo. Mlango wa jikoni ukarudi jikoni. Halafu, kwa kuwa ilibaki nafasi wazi mahali ambapo mvua ingeweza kupenya, akang'oa na mlango wa mbele wenyewe, akaulaza huko juu. Akashuka ngazi amelowa chapachapa, mikono ikivuja damu, na nyumba yake upande wa barabara ikiwa haina uso hata kidogo.

Walikuja kumkamata mvua ikiwa imekolea: Bwana Fumbwe, askari wawili, na mimi kama mwandika kumbukumbu. Tulisimama mbele ya tundu lililokuwa mlango. Sheria inamtaka askari agonge kabla ya kuingia, na hapakuwa na cha kugonga. Sebuleni nako hapakuingilika, mgongo wa kabati ulikuwa umesukumwa kuziba. Tukasimama, maji yakitujaza viatu.

"Piteni uani," Bi Sikudhani akaita kutoka ndani.

"Haturuhusiwi," akajibu askari mmoja, meno yakigongana.

"Basi msipite."

Tukapita. Mvua ilinyesha kwa namna ambayo hata Waziri angepita.

Chumbani tulisimama kwanza tusijue kilichobadilika. Tulijikuta tu tumeshusha mabega. Askari wa pili, kijana wa kijijini, ndiye aliyeinua macho juu. "Hapadondoki," akasema, kama mtu aliyeona mwezi mchana. Juu yetu mvua ilipiga mabati kwa nguvu zake zote, na zote zilibaki huko huko. Mzee Shomvi alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo wazi kidogo, blanketi kavu limemfika shingoni. Alikuwa anapumua. Hakuwa anakohoa. Nilimsikiliza, nikafunga daftari ili lisilowe.

Bwana Fumbwe akakunjua karatasi ya mashtaka. "Bi Sikudhani, unashtakiwa kwa kosa la kuiba uso wa..."

"Sema taratibu. Amelala."

Akapunguza sauti. "Kwa kosa la kuiba uso wa nyumba, mali ya mandhari ya..." Akapunguza zaidi. Akaendelea kupunguza mpaka midomo ikawa inacheza peke yake, kisha nayo ikatulia. Askari walikuwa wamekwisha kuvua viatu, wamekaa sakafuni na kuegemea ukuta. Bi Sikudhani akawapa kikombe cha chai wapokezane. Mimi nilijilaza pembeni kidogo, ili nisije nikasahau nilichotumwa kuandika.

Afisa alibaki amesimama, kofia mkononi, akitazama paa. Aliligeukia kila bati. Nilidhani anatafuta lenye ushahidi.

"Mama," akasema mwishoni, kwa sauti ambayo haikuwa ya ofisini, "ule mpango wetu wa kubadilishana. Bado unauza?"

Bi Sikudhani alimvuta mumewe blanketi, akalifunika bega lililokuwa wazi.

"Haiuzwi," akasema. "Lakini kamchukue mkeo na wale watoto. Mdogo ana kifua, nimemsikia."

Afisa Sura wa Wilaya akavaa kofia yake, akatoka kupitia uani.